Mikono ya Mkandaji na Madai ya Nishati: Utafiti Unatueleza Nini?

Katika kata ya Tingi, wilayani Nyasa, mahali ambapo milima ya Umatengo huteremka kuelekea Ziwa Nyasa, maumivu ya mgongo si habari ngeni. Mwanamke anayeinama kutwa nzima akiandaa ngoro za maharage na mahindi, mchumaji wa kahawa anayepanda mlima na gunia mgongoni, na mvuvi wa pwani ya ziwa anayevuta wavu alfajiri, wote huujua ugonjwa huu kabla ya kulijua jina lake la kitabibu. Wote pia hujua mahali pa kwenda kwanza: kwa mama au mzee wa kijijini mwenye mikono inayojua kuchua.

Makala haya yanahusu mikono hiyo. Hayakusudii kuwadhihaki wakandaji, kwani mwandishi mwenyewe alikua akichuliwa na bibi yake kila alipoteguka. Hata hivyo, pamoja na ukandaji wa kale imekuja lugha mpya. Wapo sasa watoa huduma wanaosema kwamba hawakandi misuli tu, bali hupitisha, husawazisha au hufungua “nishati” iliyoziba mwilini. Baadhi yao hawamgusi mgonjwa kabisa. Hupitisha viganja juu ya mwili wake kwa umbali wa sentimita chache. Wengine hutumia mashine ambayo mgonjwa hushika fimbo ya chuma kwa dakika moja, kisha huchapishiwa kurasa kadhaa zinazodai kueleza hali ya ini, figo, mifupa na hata bahati yake ya kupata uzazi. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza: je, jambo hili limepimwa? Na mhudumu wa afya anao wajibu wa kumjibu bila dharau.

Mgonjwa mmoja

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mama wa makamo kutoka katika vijiji vya ukanda huo. Alikuwa na maumivu ya mgongo kwa miezi saba, na kwa wiki mbili za mwisho miguu yake ilikuwa imeanza kulegea. Kabla ya kunifikia alikuwa amekwenda mara mbili katika kituo kimoja cha afya na kupewa vidonge vya kutuliza maumivu. Baadaye alikwenda kwa mkandaji, akakandwa mara nyingi kwa mafuta ya nyonyo. Mkandaji alimwambia kwamba katikati ya mgongo wake kuna “fundo” ambalo nishati imekwama, na kwamba akiendelea kumkanda litafunguka.

Nilipompapasa mgongo nililikuta lile fundo. Lilikuwa pale pale mkandaji alipolitaja. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mifupa miwili ya uti wa mgongo ilikuwa imeliwa na kuporomoka, na uchunguzi zaidi ulithibitisha kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi kituoni maumivu yalipozidi. Alinijibu kwa upole: “Daktari, yule mama alinigusa. Kule waliandika tu.”

Jibu hilo limekaa nami, kwa maana lina mambo mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba vidole vya mkandaji vilikuwa sahihi kuliko kalamu zetu: vilikuta uvimbe ambao mtaalamu hakuutafuta. La pili ni kwamba maelezo yake juu ya uvimbe huo hayakuwa sahihi, na maelezo hayo yalimgharimu mgonjwa miezi ambayo mgongo wake haukuwa nayo. Kugusa ni jambo moja. Nadharia ya kile kinachoguswa ni jambo jingine. Sayansi imeyapima yote mawili, na imepata majibu tofauti.

Nishati ya mwili ni ipi?

Katika fizikia, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na hupimwa kwa jouli. Mwili wa binadamu unayo. Mtu mzima aliyepumzika hutoa joto linalokaribia lile la taa ya zamani ya wati 100. Moyo huzalisha umeme mdogo ambao hunaswa na mashine ya kupima mapigo ya moyo kupitia vibandiko vilivyowekwa kifuani, na ubongo vilevile huzalisha umeme unaopimika. Nishati hizi hazina siri: zina vizio, zina vifaa vya kuzipima, na watu wawili wanaopima bila kuambiana hupata majibu yanayolingana.

Nishati inayozungumzwa na watoa tiba hizi si hiyo. Katika Reiki, mfumo ulioanzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, husemwa kwamba nguvu ya uhai hupita kwenye viganja vya mtoa tiba na kumwingia mgonjwa. Katika mfumo wa “mguso wa tiba” ulioanzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi, pamoja na Dora Kunz, husemwa kwamba mwili umezungukwa na uwanja wa nishati ambao mikono iliyofunzwa huweza kuuhisi na kuunyoosha. Hakuna kifaa kilichowahi kuonyesha uwanja huo. Kutokuwapo kwa kifaa peke yake hakumalizi mjadala, kwani huenda kifaa hakijabuniwa. Lakini watoa tiba wenyewe husema kwamba mikono yao ndiyo kifaa. Basi mikono inaweza kupimwa.

Jaribio la mtoto wa shule

Upimaji wa madai ya namna hii una historia ndefu. Mwaka 1784, jijini Paris, mfalme Louis wa 16 aliteua tume ya kuchunguza madai ya daktari Franz Anton Mesmer, aliyefundisha kwamba mwili una umajimaji wa sumaku usioonekana ambao mganga huweza kuuongoza. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Katika jaribio moja mti mmoja wa bustani “ulitiwa nguvu” na mfuasi wa Mesmer, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kuongozwa kutoka mti hadi mti. Alipofika kwenye mti wa nne alizimia. Mti ule haukuwa wenye nguvu. Tume ilihitimisha kwamba kuzimia kulikuwa kwa kweli, lakini kulitokana na matarajio ya kijana mwenyewe.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, nchini Marekani, msichana wa miaka 9 aitwaye Emily Rosa alitafuta njia rahisi ya kuwapima watoa mguso wa tiba kwa ajili ya kazi yake ya shule. Mtoa tiba alikaa mezani na kupitisha mikono yake yote miwili kwenye matundu ya ubao, viganja vikitazama juu, bila kuona upande wa pili. Emily alirusha sarafu ili kuamua ni mkono upi atakaousogezea wa kwake, kisha akaweka kiganja chake sentimita chache juu ya mkono huo. Mtoa tiba aliulizwa: uwanja wa nishati yangu uko juu ya mkono wako wa kulia au wa kushoto?

Walipimwa watu 21, baadhi yao wakiwa na uzoefu wa miaka mingi. Katika majaribio 280 walijibu sawasawa mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha tu angetarajiwa kupata karibu nusu, yaani mara 140. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, Emily akiwa na umri wa miaka 11.

Tuseme haki: jaribio hilo lilipima kama mikono huhisi nishati, halikupima kama wagonjwa hupata nafuu. Swali la pili nalo limepimwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watu wazima 100 wenye faibromialgia, ugonjwa unaoleta maumivu ya mwili mzima. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walipewa Reiki na walimu wake halisi, na wengine walihudumiwa na watu wasioijua Reiki walioigiza mikao ile ile. Huduma ilitolewa mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Wale waliopata Reiki halisi hawakuwa na nafuu zaidi ya wale waliopata maigizo.

Wapo wanaosema kwamba nishati hiyo ni ya kiroho na kwa hiyo haipimiki. Anayemwombea mgonjwa kwa imani hadaiwi kipimo, na makala haya hayamgusi. Lakini mtu anayesema kwamba huduma yake hupunguza maumivu, huponya kisukari au huyeyusha uvimbe, na anayeitoza fedha, ametaja matokeo. Hata chanzo kisipoonekana, matokeo huonekana: sukari imeshuka au haikushuka, uvimbe umepungua au haukupungua.

Mbona wagonjwa husema wamepona?

Hawasemi uongo. Zipo sababu kadhaa za mtu kupata nafuu baada ya huduma ambayo haikuwa na nguvu iliyodaiwa.

Kwanza, maradhi mengi huisha yenyewe. Maumivu ya kawaida ya mgongo kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache, hata bila tiba. Pili, watu huenda kwa mganga maumivu yakiwa yamefika kileleni. Kutoka kileleni njia ya kawaida ni kushuka. Tatu, matarajio na faraja hubadilisha jinsi ubongo unavyopokea maumivu. Hii ndiyo inayoitwa athari ya plasebo, yaani nafuu inayotokana na tendo la kutibiwa na si kiini cha dawa.

Athari hii ni ya kweli, lakini ina mpaka, na mpaka huo ulionyeshwa vizuri na utafiti mdogo wa wagonjwa wa pumu uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa walipewa kwa zamu dawa halisi ya kuvuta ya salbutamo, kivutio bandia kisicho na dawa, na tiba bandia ya sindano za Kichina; na kipo kipindi ambacho hawakupewa chochote. Walipoulizwa wanajisikiaje, walieleza nafuu ya asilimia 50 kwa dawa halisi, asilimia 45 kwa kivutio bandia, asilimia 46 kwa sindano bandia, na asilimia 21 walipokuwa hawakupewa kitu. Kwa kujisikia tu, bandia ilikaribia kuwa sawa na halisi. Lakini mapafu yao yalipopimwa kwa mashine, dawa halisi iliongeza uwezo wa kutoa pumzi kwa asilimia 20, ilhali hali nyingine zote tatu ziliishia kwenye takribani asilimia 7.

Msomaji wetu ashike hapa. Mgonjwa wa pumu anayejisikia nafuu huku njia zake za hewa zikiwa bado zimebana yumo hatarini, na hatari hiyo inazidi kwa kuwa haisikii. Nchi yetu ililiona jambo hili mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wengi walirejea wakijisikia wapya. Lakini kujisikia mpya si kipimo cha sukari, wala si kipimo cha wingi wa virusi katika damu, na aliyeacha dawa zake kwa sababu ya hisia hiyo aliuacha ugonjwa uendelee kimyakimya.

Mguso wenyewe una thamani gani?

Tukiondoa nadharia ya nishati, je, mikono inabaki mitupu? Hapana. Ngozi ya binadamu ina nyuzi za neva ambazo huitikia zaidi mpapaso wa taratibu, na ujumbe wake hufika katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia za utulivu. Kuhusu ukandaji wa mgongo, uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti 25 zenye washiriki 3,096 ulikuta nafuu ya muda mfupi ikilinganishwa na kutofanyiwa kitu. Lakini ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo, na nafuu ya muda mrefu haikuwa dhahiri. Kwa maneno mengine, kuchua huweza kusaidia kwa kiasi na kwa muda, na hilo si haba kwa mkulima anayetaka kulala usingizi usiku mmoja.

Mfano wenye nguvu zaidi wa mguso unatoka kwa watoto njiti. Utunzaji wa kangaruu, ambapo mtoto hulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliosubiri kwanza hali zao zitengemae, walifariki asilimia 15.7. Hapa hapahitajiki neno la ajabu. Kuna joto, maziwa ya mama, kinga dhidi ya maambukizi na macho ya mama yasiyobanduka. Tiba hii ilipimwa kwa kanuni zile zile zilizotumika kwa Reiki, nayo ikafaulu. Sayansi haina uadui na mikono. Inachodai ni kwamba mikono ikubali kupimwa.

Upo utafiti mwingine unaotuhusu sisi wahudumu. Mwaka 2008, wagonjwa 262 wa Marekani wenye maumivu sugu ya utumbo waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisubiri tu. La pili lilipewa tiba bandia ya sindano kwa ukavu, bila mazungumzo. La tatu lilipewa tiba ile ile bandia na mtaalamu aliyekaa, akasikiliza na kuonyesha kujali. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62. Tiba bandia ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa utu. Kama utu huzaa nafuu pamoja na tiba bandia, kwa nini tuunyime tiba halisi?

Wakati wa kutokanda

Mgonjwa wa mgongo apelekwe kituo cha afya kabla ya kukandwa ikiwa ana mojawapo ya dalili hizi: maumivu yaliyopita wiki sita au yanayozidi usiku, homa, jasho la usiku au kukonda, uvimbe au kibyongo kipya kwenye mgongo, ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, historia ya saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, usichuliwe kamwe. Huenda damu imeganda katika mshipa, na kuichua kunaweza kulisukuma bonge hadi mapafuni. Mfupa unaoshukiwa kuvunjika haukandwi. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo au anayetoka damu hakandwi tumbo. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa mhudumu wa afya, na kwa mgonjwa

Mhudumu mwenzangu, mgonjwa wa mgongo asiondoke kabla hujaupapasa mgongo wake, mfupa kwa mfupa, na kupima nguvu za miguu yake. Muulize alikopita, na umwulize kwa namna ambayo haitamfanya afiche. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi ni kejeli zetu zinazomfundisha kuficha. Wajue wakandaji wa eneo lako. Wao huwaona wagonjwa mapema kuliko sisi, na mkandaji mmoja anayejua dalili za hatari ni msaada mkubwa kwa zahanati.

Nawe mgonjwa, unapoahidiwa tiba ya nishati, uliza maswali manne. Inatibu ugonjwa gani hasa, na nitajuaje kwa kipimo kwamba nimepona? Imelinganishwa na tiba ya kuigiza? Je, naambiwa niache dawa zangu? Na je, umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002? Kumbuka kwamba usajili humtambulisha mtoa huduma. Hauthibitishi kila dai lake. Akikuambia uache dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au VVU, ondoka.

Yule mama alianza dawa za kifua kikuu, ambazo katika vituo vyetu vya umma hutolewa bila malipo. Alizitumia kwa miezi mingi, akafanya mazoezi ya viungo, na nguvu za miguu zikarejea kiasi cha kumwezesha kutembea mwenyewe hadi shambani. Kibyongo kidogo kimebaki, na hakitaondoka. Hiyo ndiyo bei ya miezi saba. Mkandaji wake alikuja kumwona wodini. Nilimwomba aweke vidole vyake tena juu ya lile fundo, nikamwonyesha kwenye picha mifupa iliyokuwa chini yake. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mtu anayetibu, mwenye cheti na asiye nacho, aulize: “Kwa hiyo nikikuta lingine kama hili, nimlete wapi?”